Kufuru ya Mwalimu Wetu

Nilipokuwa na miaka saba nilimwaga maji ya ubao njiani, na kwa kosa hilo nikajifunza neno ambalo baadaye nililitumia kumvunjia mwanamke mwenzangu nyumba yake.

Maji ya ubao ni yale tuliyooshea aya za jana ili tuandike za leo. Hayamwagwi mahali pa kukanyagwa. Humwagwa kwenye shina la mti. Mimi niliona uvivu kwenda mpaka kwenye mpapai. Mwalimu alinishika sikio, akanirudisha mpaka pale palipolowa, akasema neno moja tu: "Kufuru!" Nililia siku nzima. Sikio halikuniuma kiasi hicho. Nilidhani nimeshaingia motoni.

Tulimwita Mwalimu. Huenda alikuwa na jina kama watu wote, lakini sikupata kusikia mtu akilitaja. Alisomesha wasichana Kurani katika ukumbi wa nyumba ya kupanga, nyuma ya soko la Bagamoyo, wakati wa Waingereza, kabla ya vita vya pili. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi kisogoni, na sauti nzito kama ya mwadhini. Alikuja mjini kwetu akiwa mtu mzima, mjane, na sanduku la vitabu. Watu wa Bagamoyo hawamwachi mgeni bila kumuuliza wa kwa nani. Yeye aliwajibu, "Wa kwa Mungu, kama wewe," wakakoma.

Kazi yake ya pili ilikuwa kuosha maiti za wanawake na watoto. Aliingia nyumba za misiba ambazo wengine waliziogopa, za ndui, za waliokufa maji, akafunga kanga kiunoni na kuanza kazi kama mtu anayeosha vyombo vyake. Lakini jongoo! Akiona jongoo ukumbini, alipanda juu ya sanduku la vitabu na kupiga kelele mpaka mmoja wetu amtoe kwa ufagio. Tulicheka chini chini. Alituona, na hakutupiga. Alisema, "Chekeni. Kila mtu na jongoo wake."

Kwake yeye kufuru ilikuwa kila mahali. Punje ya wali iliyoanguka na kukanyagwa ilikuwa kufuru. Fundi aliyejisifu kwamba kanzu yake haina mfano duniani alikuwa amekufuru. Siku moja mamangu alipita dirishani kwake na kapu kichwani akamwambia mwenziwe, "Joto la leo si la haki." Mwalimu akatoa kichwa nje. "Nani aliyekosa haki, mama? Joto, au aliyelileta?" Mamangu aliharakisha mwendo. Mpaka alipofariki hakulalamikia joto tena katika njia ile.

Hakutuachia neno likiwa tupu. Alipenda kulifungua. Siku moja alileta sahani ya wali, akaiweka katikati yetu, kisha akaifunika kwa kawa.

"Chakula kipo au hakipo?"

"Kipo, Mwalimu."

"Mbona hamkioni?"

"Kimefunikwa."

"Basi hiyo ndiyo kufuru," akasema. "Waarabu wa kale walikuwa na neno la kufunika, na kufuru imezaliwa humo. Mungu ameweka neema mbele yako, wewe unaitia kawa, unasema hakuna kitu. Ndiyo maana kinyume chake ni shukrani. Anayeshukuru amefunua."

Kisha akatupa ule wali tukaula, na kila mmoja wetu alilamba vidole kwa hofu.

Neno hilo alilichezea hata na watu wazima, na hapo ndipo alipowashtua. Palikuwa na mkulima wa Miono aliyekuwa akileta mahindi na choroko sokoni, mtu wa sala tano, mwenye sijda nyeusi kwenye paji la uso. Mwalimu alimwambia, mbele ya wanunuzi, "Wewe bwana ni kafiri kwa kazi yako." Mzee wa watu alidondosha pishi yake, choroko zikatawanyika.

"Mimi? Mimi kafiri?"

"Hufukii mbegu?"

"Nafukia!"

"Anayefukia amefunika. Hata ndani ya Msahafu kuna mahali wakulima wameitwa kwa neno hilo hilo, wala si kwa ubaya. Muulize shehe yeyote."

Yule mzee hakucheka. Alikusanya choroko zake akaondoka bila kuaga. Alikwenda kuuliza kweli, kwa mashehe wawili, kama tulivyosikia baadaye. Msimu uliofuata alifika mlangoni kwa Mwalimu na kapu lililojaa. "Pokea," alisema, "kutoka kwa kafiri wako." Tangu hapo hawakukutana bila kutaniana.

Lakini mtoto hakuruhusiwa utani huo. Jirani yetu mmoja alikuwa mke wa mwalimu wa misheni, Mkristo, mtu wa bara, mpole. Mwenzetu mmoja alimpigia kelele njiani, "Kafiri! Kafiri!" Mwalimu alitoka na kanga moja, jambo ambalo hatukupata kuliona kabla wala baada, akamkamata msichana yule na kumpeleka mpaka kwenye mlango wa jirani.

"Mwombe radhi."

"Lakini Mwalimu, si ni kweli?"

"Neno hilo ni la Mungu kumwita mja wake. Si lako wewe kumwita jirani. Wewe umejua lini kilichofunikwa ndani ya kifua cha mtu?"

Mke wa mwalimu wa misheni akasema hapana neno, mtoto hajui. Mwalimu akasema, "Hajui kwa kuwa mimi sikumfunza vyema." Nakumbuka nilishangaa kumwona akiinamisha kichwa mbele ya mwanamke wa misheni. Nilidhani watu kama yeye hawana cha kuombea radhi. Baadaye wawili hao walikuwa wakiketi kibarazani baada ya alasiri, Mwalimu akitafuna tambuu yake, jirani akisuka ukili wa mkeka, wakiulizana maneno. Siku moja nikamsikia Mwalimu akimweleza kwamba kafara, ile sadaka ya kufuta kosa, na kufuru ni ndugu wa tumbo moja: "Hii hufunika neema, ile hufunika dhambi. Mama mmoja huzaa mwizi na mlinzi."

Nilihitimu kwake nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nilipofika kumi na minane nilikuwa nimeolewa, naishi na mama mkwe wangu mtaa wa pili. Hapo ndipo alipofariki Saidi.

Saidi alikuwa mtoto wa miaka mitano, wa fundi cherehani na mkewe, majirani zetu. Homa ilimchukua kwa siku mbili. Nilikwenda kusaidia kuteka maji ya kumwoshea. Chumbani tulikuwa watatu: Mwalimu aliyekuwa akimwosha, mimi na ndoo, na Mama Saidi, ambaye alikataa katakata kutolewa. Mwalimu alipofika kwenye miguu, akaipitisha kafuri ya kunukisha maiti katikati ya vidole vidogo vile, Mama Saidi akasimama. Akatazama juu kwenye boriti. Akasema kwa sauti kavu, bila machozi:

"Mungu mwizi. Umeniibia. Mwizi!"

Ndoo ilinitoka mkononi. Nilingoja dari ituangukie. Nilimtazama Mwalimu nione atafanya nini, yeye aliyeweza kumfokea mtu kwa punje ya wali. Mwalimu hakuinua uso. Aliendelea kukausha vidole vya Saidi, kimoja kimoja, kisha akasema, "Nipe sanda."

Nilitoka mbio. Mama mkwe wangu alikuwa uani na wanawake wa matanga, akaniuliza mbona nakimbia. Ningeweza kusema Mama Saidi amechanganyikiwa. Ningeweza kusema analia. Nikasema, "Mama Saidi kakufuru." Na nikayarudia maneno yenyewe.

Kabla ya maziko neno lilikuwa limefika msikitini. Kabla matanga hayajaondolewa, dada mkubwa wa fundi, mwanamke ambaye hakumpenda wifi yake tangu siku ya harusi, alishatoa hukumu: aliyekufuru ametoka katika dini, aliyetoka katika dini hana ndoa na Mwislamu. Fundi alikuwa mtu laini. Alishika utepe wake wa kupimia nguo akautazama. Mama Saidi akatolewa aende kwa kaka yake Kaole. Alikuwa na binti wa mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya. Alipomnyanyua, wifi yake akamnyang'anya.

"Hatonyonya maziwa ya kafiri huyu," alisema.

Nilisikia kwa masikio yangu, nimesimama kwenye uzio. Sikupata kulisikia neno lile likitumiwa hivyo. Binti alilia mpaka sauti ikamkauka, na Mama Saidi akatembea kwa miguu mpaka Kaole, kanga yake imelowa kifuani kwa maziwa.

Baada ya siku nne kaka yake alimfikia shehe wa mtaa, akaomba shauri lisikilizwe. Baraza likakaa nyumbani kwa shehe baada ya alasiri, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia la mlangoni. Mimi niliulizwa kwanza, nikiwa nyuma ya pazia. Nikasema niliyoyasikia. Nilisema yote, kwa kuwa nilidhani ukweli unatosha. Kisha akaitwa Mwalimu. Yeye alipita pazia akasimama mbele ya wanaume.

"Mwalimu, ulikuwepo?" shehe aliuliza.

"Nilikuwepo. Mikono yangu ilikuwa juu ya maiti."

"Aliyasema maneno hayo?"

"Aliyasema."

Dada wa fundi alishusha pumzi karibu nami. Shehe akasema, "Nawe ni mtu wa elimu. Je, ni kufuru?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga. "Shehe, miaka yote hii nimewaambia watoto wa mji huu kwamba punje ya wali iliyokanyagwa ni kufuru. Kama kila kilichoitwa kufuru na kinywa changu kinavunja ndoa, basi hapa hapana mtu mwenye mke. Tupike pilau tufunge ndoa upya, kuanzia hapa mpaka sokoni."

Mwanamume mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Dada wa fundi hakucheka. "Hayo ya wali ni ya watoto," alisema kwa sauti kupitia pazia. "Huyu kamwita Mungu mwizi!"

"Na mimi," Mwalimu alijibu, "nilimwita zaidi ya mwizi."

Wanaume wote waliinua nyuso.

"Nilimzika mwanangu wa pekee kabla sijaja kwenu," aliendelea. "Nilisema maneno ambayo nikiyarudia hapa mtatoka bila viatu. Siku ya tatu nikaketi kusomesha. Kisha nikaja Bagamoyo, mkaniletea binti zenu niwafunze Alhamdu, mkanipa maiti zenu nizioshe. Hakuna aliyesema sala yangu haifai. Sasa niambieni. Kama Mama Saidi si Mwislamu, mimi ni nani?"

Mwanamke yule ndiye aliyenitia hofu ya Mungu kwa sikio langu mwenyewe. Nilimtazama kupitia upenyo wa pazia, sikumjua.

Shehe alipitisha tasbihi mpaka ikamalizika. Mwishowe akasema kwamba mtu aliyepotewa na akili kwa msiba hukumu yake si ya mwenye kukusudia. Kwamba Mama Saidi aombe maghufira, na waliomtangaza waombe zaidi. Kwamba ndoa ipo, na mtoto arudishwe kwa mamaye kabla ya magharibi. Fundi alikwenda Kaole mwenyewe na binti begani. Waliokuwapo wanasema mtoto alilikamata ziwa la mamaye njiani, kabla hawajaingia ndani, na Mama Saidi akaketi palepale mchangani kumnyonyesha. Wakarudi nyumbani kwao, wakaishi, wakapata watoto wengine wawili.

Aliyeumia ni Mwalimu. Kesho yake ukumbini walifika wasichana watatu. Wiki iliyofuata hakufika hata mmoja. Wazazi hawakumtukana, walisema tu kwamba mtoto ana kazi nyumbani. Maiti nazo zikaanza kuoshwa na mtu mwingine. Mama mkwe wangu alinikataza kwenda kwake, na mimi nikatii, nikijiambia kwamba natii mkubwa. Siku alipopakia sanduku lake kwenye mkokoteni kuelekea kaskazini, kwa watu aliojuana nao huko Mkange, waliokwenda kumuaga ni Mama Saidi na yule jirani wa misheni tu. Mimi nilichungulia dirishani. Hakutazama upande wetu.

Ikapita miaka kumi na minane. Katika miaka hiyo nilizaa wanne. Wa pili, Hamisi, nilimzika akiwa na miaka tisa. Watu walinisifu kwa subira yangu. Wanawake walisema, huyu amesomeshwa, hamkumwona alivyonyamaza? Kumbe mimi nilikuwa na wazo moja usiku na mchana: kwamba Hamisi amechukuliwa kuwa malipo ya maziwa yaliyolowesha kanga ya Mama Saidi. Baada ya miaka miwili ya kukaa na wazo hilo nilipanda lori la kwenda Saadani, nikashuka Mkange, nikauliza nyumba ya mwalimu.

Alikuwa ameketi ukumbini akichambua kunde kwa kupapasa, kwa kuwa macho yalikuwa yamekwisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Vidole vikasimama. "Sauti hii ni ya yule wa maji ya ubao."

Nilipiga magoti. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyelitoa lile neno nje ya chumba.

"Najua. Tulikuwa watatu, na mmoja wetu alitoka mbio."

"Nimekuja kukuomba radhi, Mwalimu. Nimekuvunjia chuo. Nimekufanya umtaje mwanao marehemu barazani, mbele ya watu wasio na heshima."

"Mwanangu yupi?"

Nilidhani uzee umemchukua akili. "Yule uliyemzika, kabla hujaja Bagamoyo."

Akaisukuma sinia ya kunde kando. "Mimi sijapata kuzaa, binti yangu. Nilikaa na mume wangu miaka kumi na miwili, Mungu hakutujalia."

Nilimtazama usoni nikingoja acheke, aseme ni utani kama ule wa mkulima wa Miono. Hakucheka. Mwanamke huyu sikupata kumjua kwa uongo hata wa mzaha.

"Ulisema uongo? Mbele ya shehe?"

"Uongo mtupu. Nao nitaulizwa, na jawabu ninalo."

"Jawabu gani?"

"Hilo ni la atakayeniuliza."

Aliivuta tena sinia ya kunde. Kisha akasema: "Mama Saidi huja huku kila baada ya mavuno. Mara ya kwanza aliniuliza mwanangu akiitwa nani, apate kumtaja katika dua pamoja na Saidi wake. Nikashindwa kumwambia. Nikampa jina. Mpaka leo anamwombea mtoto ambaye hakupata kuwapo. La barazani haliniumi kitu. Hilo linaniuma."

Aliunyoosha mkono akanipapasa bega, kisha shingo, kisha uso, mpaka akapata machozi.

"Wewe una wangapi?"

"Watatu, Mwalimu. Nimezika mmoja."

"Ulisema nini siku ile?"

"Sikusema kitu. Nilisema innalillahi."

"Na moyoni?"

Niliokota kunde iliyoanguka sakafuni.

"Nimeosha watoto wengi wa watu," alisema taratibu. "Nimesikia kila namna ya kilio. Lakini mimi sijui anayezika hujisikiaje, najua tu yanayomtoka kinywani. Wewe hayakukutoka. Ulinyamaza kwa kuniogopa mimi?"

Niliitikia kwa kichwa, kisha nikakumbuka kwamba haoni. "Ndiyo, Mwalimu."

"Basi mimi nimekukosea kuliko ulivyomkosea Mama Saidi." Akanishika mkono kwenye kiwiko. "Sema."

"Niseme nini?"

"Hilo ulilolimeza. Hapa tuko mimi, wewe, na Yeye. Na Yeye alikwisha kulisikia."

Nikasema. Sitaliandika hapa. Lilinitoka na sauti ambayo sikujua kwamba ni yangu, kuku wakakimbia uani, na mwanamke aliyekuwa akipita njiani alisimama akatutazama, kisha akaenda zake. Sikusema mara moja, nilisema mara nyingi, na kila niliposema nilimtazama Mwalimu usoni kwa hofu. Alikuwa amefumba macho yake yasiyoona, akinishika mkono vilevile, kama mtu anayemshikilia mwingine asichukuliwe na maji ya mto.

Nilipoishiwa aliuachia mkono wangu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mtungi uko hapo mlangoni, na kata ya kuchotea iko juu yake. Katawadhe. Alasiri imeingia, na mimi nimechoka kusali peke yangu."